Kabla hujawatumia wateja promosheni: data za watu na biashara yako ndogo Kenya

Wenye salon, maduka, hoteli na shule za watoto hapa Kenya, hii ni yenu. Mteja akilipa na M-Pesa namba yake ikabaki kwa simu ya duka, ile namba ni ya malipo, hakukupa ndio umtumie ofa kila Ijumaa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ukitaka kutumia data ya mtu kibiashara lazima akubali mwenyewe.

Sasa muulize. Weka fomu pale kaunta aandike namba yake na sehemu ya kuweka tiki kama anataka meseji, na tiki aweke yeye, usimwekee. Kila meseji iwe na njia ya kujitoa bure, akiandika STOP umtoe na usimrudishe mwezi ujao.

Picha ndio zimeumiza watu zaidi. Septemba 2023 Kamishna wa Data, mkuu wa ofisi ya serikali inayolinda data za watu, aliipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 juu ya picha ya mteja iliyowekwa mtandaoni bila ruhusa, halafu Roma School ikapigwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa watoto usijaribu kabisa! Pata sahihi ya mzazi kwanza, na akikataa mheshimu, mtoto acheze na wenzake kama kawaida ila picha yake isiende Facebook.

Kitabu cha wageni getini pia kinaniudhi sana, mtu anaandika jina, simu, namba ya kitambulisho, na anayekuja nyuma yake anasoma yote. Kama huwezi kueleza kitambulisho ni cha nini, toa hiyo safu.

Biashara inayoweka data za watu pia hujisajili kwa ofisi ya Kamishna, na hiyo kunafanywa mtandaoni na cheti kinakaa miaka 2. Mauzo yako kwa mwaka yakiwa chini ya milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10 unaweza kuwa huru usijisajili, lakini shule, zahanati, hoteli na wanaokopesha pesa lazima wajisajili hata wakiwa wadogo aje.

Mfanyakazi akiacha kazi badilisha paswadi siku hiyo hiyo. Na simu ama laptopu yenye data za wateja ikiibiwa na kuna hatari ya wao kuumia, una masaa 72 kumwarifu Kamishna tangu ujue, halafu waambie wateja wenyewe mapema wajikinge na matapeli.