Somo: Kusoma jani lililo ndani ya jiwe, kuanzia makaa ya Ruhuhu hadi gesi ya pwani

Kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ukitajiwa visima hivyo unawaza mitambo, bomba na umeme. Lakini nyuma ya kila kisima kuna watu waliokaa na hadubini wakihesabu chavua, yaani chembe za unga wa uzazi, za mimea iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Somo la leo ni kuhusu kazi hiyo.

Nitatumia Bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, upande wa Ziwa Nyasa. Miamba yake ya Karoo, yaani mashapo ya kale yanayopatikana sehemu nyingi za kusini mwa Afrika, imejitokeza juu, unaifikia kwa miguu. Pwani, miamba mikongwe namna hiyo mara nyingi imefukiwa kwa kina ambacho ni mtambo wa kuchoronga tu unaokifika.

Jambo moja kabla hatujaanza, maana wengi hukwama hapa: jani halikuonyeshi gesi ilipo. Linakuambia mwamba ni wa enzi gani, ulijengeka katika mazingira gani, na mabaki ya mimea yaliyomo yamepata joto kiasi gani. Hilo la tatu ndilo linaloamua habari ya gesi, na kwa bahati mbaya ndilo lisiloonekana kwa macho.

Hatua ya 1: Tabaka kwanza, jani baadaye

Jani lililookotwa njiani bila kujulikana limetoka tabaka gani ni pambo la mezani. Andika mahali, piga picha ukiwa umeweka rula au nyundo kando, chora tabaka lililo chini na lililo juu yake, ndipo uguse.

Ramani za zamani ziliyapa matabaka ya Ruhuhu namba, K1 hadi K8, na wazee wa kazi bado wanazitumia ingawa majina rasmi yamebadilika. K1 ina mashapo yaliyoachwa na barafu. Ndiyo, barafu, huku kwetu kusini. Juu yake inakuja K2 yenye makaa ya mawe, leo inaitwa Mchuchuma. K4 ina makaa tena. K6 ina mifupa ya reptilia wa mwisho wa kipindi cha Permi, na K8, yaani Manda, ni ya Triasi, kipindi kilichofuata. Mpangilio huo pekee ni hadithi nzima: barafu ikayeyuka, mabwawa ya matope yakaota misitu, kisha nchi ikazidi kukauka.

Hatua ya 2: Tambua mmea, na namna ulivyolala

Kwenye matabaka ya makaa, jani la kutafuta ni Glossopteris. Lina umbo la ulimi, mshipa mkubwa katikati, na mishipa midogo inayoungana kama wavu. Chukua lenzi ya mkono uukague wavu huo. Umbo pekee halitoshi, majani mengi yana umbo la ulimi. Mmea huu ulitawala bara kuu la Gondwana katika kipindi cha Permi na ukatoweka kipindi hicho kilipokwisha, takriban miaka milioni 252 iliyopita. Baada yake, katika Triasi, Gondwana ilitawaliwa na mimea mingine, hasa Dicroidium, ambayo jani lake hugawanyika panda. Kwa hiyo ukiwa na jani moja tu zuri, tayari unajua uko upande upi wa mpaka huo.

Sasa angalia lilivyolala, kwani hapa pana utajiri ambao wanafunzi huupita mbio. Majani mazima, mengi, yamelala bapa ndani ya mwamba tope laini: maji yalikuwa yametulia na mti haukuwa mbali. Vipande vilivyochanika, vimechanganyika na mchanga: mto ulivisafirisha. Mizizi iliyosimama wima ikitoboa tabaka, hiyo ndiyo zawadi, kwa sababu mmea uliota papo hapo. Mizizi ya Glossopteris huitwa Vertebraria, na inatambulika kwa vyumba vyake vilivyopangika mfano wa pingili za uti wa mgongo. Ukiikuta chini ya tabaka la makaa, umesimama kwenye sakafu ya bwawa la kale.

Magogo yaliyogeuka mawe nayo yasipuuzwe. Pete za ukuaji zilizo wazi maana yake mti uliishi penye majira yanayotofautiana sana. Wakati wa Permi eneo hili lilikuwa kusini zaidi, mbali na ikweta.

Hatua ya 3: Chavua

Kisimani hupati jani zima. Meno ya mtambo husaga mwamba kuwa vipande vidogo, na kinachosalimika ni chavua na spora, kwa vile ganda lake ni gumu ajabu. Maabara huyeyusha mwamba kwa asidi, hubakisha mabaki ya mimea, kisha huyatazama kwa hadubini. Chavua za jamaa ya Glossopteris zina vifuko viwili vya hewa na mistari kwenye mwili. Kwenye miamba ya Tendaguru, Lindi, kule kwenye dinosaria wa Jurasiki, chavua inayojaa ni Classopollis, ya miti jamii ya misonobari iliyostahimili joto na ukame. Tabaka changa za deltani huonyesha chavua za mikoko.

Hatua ya 4: Joto

Kadiri mashapo yanavyofukiwa, joto hupanda, mara nyingi nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Chavua hubadilika rangi kwa joto hilo: njano, rangi ya chungwa, kahawia, mwisho nyeusi. Na rangi hairudi nyuma hata mwamba ukiinuliwa tena juu.

Kipimo cha uhakika zaidi ni vitriniti, chembe zitokanazo na ubao wa mimea. Hung'arishwa, kisha hupimwa zinarudisha asilimia ngapi ya mwanga. Karibu na 0.6 mafuta huanza kuundika. Kufikia 1.3 hivi mafuta yanapungua, gesi inachukua nafasi. Kupita 2, ni gesi kavu tu. Mabaki ya mimea ya nchi kavu, hasa ubao, huelekea kutoa gesi kuliko mafuta. Mwani ndio hupendelea mafuta.

Sasa fanya hesabu. Tuseme mwamba uko juu ya ardhi leo, lakini vitriniti yake inaonyesha ulipata nyuzi 130. Ukichukua joto la juu ya ardhi kuwa 25 na kilomita moja kuwa nyuzi 30, mwamba huo ulikuwa kina cha kilomita tatu na nusu. Kilomita tatu na nusu za mashapo zimekwenda wapi? Zimemomonyoka. Hapo umeisoma historia ya bonde kwa chembe ya ubao. Ila kwanza hakikisha hakuna mwamba wa volkano uliopenya jirani na kuuchoma, maana kipimo kitakudanganya.

Hatua ya 5: Unganisha

Gesi inahitaji mwamba chanzo uliopata joto, mwamba wenye vinyweleo (vitundu vidogo) wa kuihifadhi, na kifuniko cha mwamba usiopitisha gesi, tena kwa mpangilio sahihi wa nyakati. Songo Songo gesi imo kwenye mchanga wa Kretasia ya mwanzo. Mnazi Bay imo kwenye mchanga wa umri mdogo zaidi, wa Oligosini na Miosini. Chanzo kinachotajwa na wanajiolojia wengi ni kikongwe zaidi, cha Jurasiki au hata Karoo. Gesi ilipanda. Ndiyo sababu umri wa kila tabaka, unaotolewa na chavua, unahitajika kabla ya kuchora mstari wowote wa njia yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye makaa Mbinga, naona majani mengi kwenye mawe. Ina maana chini yetu kuna gesi?

Jibu: Marahaba. Haina maana hiyo. Ina maana mna mabaki ya mimea ya kutosha. Makaa yenyewe huweza kubeba methani ndani yake, na hiyo ni hatari kwenye migodi ya chini ya ardhi, lakini akiba ya kuchimbwa kama Songo Songo inahitaji mtego, yaani umbo la miamba linaloinasa gesi isitoroke, na kifuniko. Mwamba uliojitokeza juu umeshafunuliwa.

Swali: Habari toka Goma. Gesi ya Ziwa Kivu nayo ni ya mimea ya kale hivi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Methani ya Kivu hutengenezwa na vijidudu kwenye maji ya kina, kutokana na mabaki ya viumbe vya ziwani na kaboni dayoksaidi ya volkano. Haikusubiri kufukiwa kilomita kadhaa. Upande wa Rwanda wanaivuta kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa 2016, megawati 26.

Swali: Mwalimu, naweza kuyeyusha mwamba nyumbani nione chavua?

Jibu: Usithubutu. Asidi ya haidrofloriki inayotumika hupenya ngozi hadi mfupani na huweza kuua. Peleka sampuli maabara. Nyumbani, lenzi na brashi laini vinatosha.

Swali: Kwenye ripoti ya kisima kimoja nimeona chavua za Miosini ndani ya mwamba wa Kretasia. Inawezekanaje?

Jibu: Mara nyingi ni vipande vilivyoporomoka kutoka juu ya kisima wakati wa kuchoronga. Kinyume chake, chavua kongwe ndani ya mwamba mchanga kiumri, ni za mwamba wa kale uliomomonyoka na kufukiwa upya. Kwa hiyo kwenye vipande vya kuchoronga tunaamini zaidi mahali aina fulani inapoonekana kwa mara ya kwanza ukishuka, kuliko inapokomea. Ukipata sampuli ya nguzo, yaani kipande kizima cha mwamba kilichokatwa kisimani bila kusagwa, iamini hiyo.

Swali: Nikipata jani zuri naruhusiwa kulichukua?

Jibu: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania inagusa visukuku vya mimea pia. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Kulisafirisha nje bila kibali ni kosa.