Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuutazama Ruaha Mkuu Uliofurika kwa Ndege Ndogo

Anayekodi ndege ndogo ili auone Mto Ruaha Mkuu ukijaa, hasa kati ya Februari na Aprili, hupata mandhari ambayo barabara haiwezi kumwonesha, lakini mengi yanayoamua usalama wa safari hiyo humalizwa kabla injini haijawashwa. Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukubaliana na rubani mkiwa bado chini kuhusu kimo ambacho ndege haitashuka zaidi yake na namna itakavyogeuka. Hatari kubwa haitoki mtoni bali kwa abiria anayeona viboko, au nyumba zilizozingirwa na maji, akaomba ndege ishuke kidogo na kuzunguka tena. Ndege inayogeuka bila kupoteza kimo huku imelala upande kwa nyuzi 60 hulazimisha mabawa yake kubeba uzito maradufu, na kasi ambayo chini yake mabawa hayo hushindwa kuibeba hupanda kwa takribani asilimia 40. Mabawa yakishindwa hivyo karibu na ardhi, rubani hana nafasi ya kuinusuru ndege. Kwa hiyo yakubaliwe mapema mazunguko mapana, yasiyozidi nyuzi 30, na tangu mnapopaa pasiwe na wa kumshawishi rubani abadili mapatano hayo.

Uzito nao si jambo la kuonea haya. Kiwanja cha Nduli, Iringa, kiko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na cha Songwe, Mbeya, kinapita mita 1,300. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege hukimbia umbali mrefu kabla ya kuinuka na hupanda taratibu. Kila abiria apimwe kwenye mizani pamoja na mkoba wake, maana wengi wetu hutaja kilo tulizokuwa nazo siku ya harusi.

Saa nzuri ni za asubuhi, lakini si alfajiri. Ukungu wa Mufindi na wa milima ya Uporoto usubiriwe uondoke, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe siku hiyohiyo, na ndege iwe imerudi kabla mawingu ya mvua ya alasiri hayajajikusanya. Tengeni pia siku moja ya akiba, kwa sababu msafiri anayelazimika kurudi Dar es Salaam kesho yake ndiye humhimiza rubani aruke wakati hali ya hewa imekataa.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kuujua mto. Maji yanayoteremka kutoka milimani hutandaa kwanza kwenye bonde la Usangu, yakaingia kwenye kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka kwa mwendo wa taratibu kupitia miamba ya Ng'iriama. Ndiyo maana mvua kubwa ya jana si lazima ionekane leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni tofauti kabisa, kwani miteremko ya milima iliyo juu yake ni mikali na mito inaweza kujaa ndani ya saa chache. Ukiwa juu ya Usangu, usidhani kila maji unayoyaona ni mafuriko: majaruba ya mpunga yana kingo zilizonyooka na maji yaliyotulia yanayoakisi mawingu, ilhali maji ya mto uliovunja kingo ni ya rangi ya udongo, hufuata mabonde ya zamani na hukokota magogo na mapovu.

Sehemu ya njia ikiwa juu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwulizeni mwenye ndege kama ruhusa zote zimekwisha kupatikana. Miwani ya jua inayokata mng'ao iachwe, kwa sababu kwenye madirisha ya plastiki hutokeza madoa ya rangi. Dawa ya kichefuchefu imezwe mapema kama maelezo yake yanavyotaka, si pale tumbo linapoanza kuchafuka.

Mkipanga kufika hadi bwawa la Mtera, kila mtu avae jaketi okoa tangu kiwanjani na aoneshwe kamba ya kulijaza hewa. Kamba hiyo ivutwe baada tu ya kutoka nje ya ndege, kwa kuwa jaketi lililojaa humwelesha mtu hadi darini ndani ya ndege inayozama, akashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.