Kabla hujatega fuwele za protini

Protini iwe safi. Hilo halina mjadala. Kabla ya kutega, yaani kuning'iniza tone la protini juu ya kishimo cha sahani chenye maji ya chumvi ili tone likolee polepole na fuwele ziote, izungushe kwenye mashine kwa kasi dakika kumi ili vumbi na mabonge vishuke chini, la sivyo kila chembe itageuka kiini cha kuotea fuwele na utavuna sindano mia badala ya fuwele moja nene.

Anza na ukolezi wa miligramu 10 hivi kwa mililita. Matone yote yakiwa maziwa papo hapo, punguza. Yakibaki maangavu wiki nzima, ongeza.

Kifaa cha kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, kisahihishe siku hiyo hiyo. Ukitumia kishimoni salfeti ya amonia, chumvi ya kuitoa protini majini, kwenye pH ya juu, ujue inatoa gesi ya amonia inayopanda hadi kwenye tone na kuvuruga hesabu zako.

Sasa joto. Hapa mimi nilinyolewa, wewe tia chako maji. Nilitega lisozaimu ya ute wa yai, protini ambayo hata mwanafunzi mgeni huipata: chumvi ya kawaida, bafa ya asetati (kimiminika cha kuishikilia pH), pH 4.5, tone likining'inia chini ya kioo juu ya kishimo. Meza zilikuwa zimejaa, nikaiweka sahani juu ya friji. Ijumaa fuwele zilikuwa zimesimama, kingo kali. Jumatatu nainamia hadubini, kingo zimelegea kama sabuni iliyosahauliwa majini, na kioo kimejaa umande. Nikailaumu protini. Nikaisafisha upya, nikatega tena pale pale, zikaharibika tena. Wiki mbili zilipotea hivyo, mpaka siku niliyoegemea friji nikahisi vuguvugu.

Mota ikiwaka, joto linaipasha sahani kwa chini huku kioo cha juu kikibaki baridi zaidi. Maji yanapanda kutoka kishimoni na kutua kwenye tone, tone linazimuka, ukolezi unashuka, fuwele zinaanza kuliwa. Tena lisozaimu katika hali ile huyeyuka zaidi joto likipanda, kwa hiyo nilikuwa naipiga kotekote. Mtetemo wa mota sijauhesabu.

Usidhani basi baridi ndiyo dawa ya kila kitu. Zipo protini zinazoyeyuka zaidi zikipoa. Tega sahani mbili, moja nyuzi 4 na nyingine nyuzi 20, na kila moja ikae mahali pake. Iweke ndani ya boksi la povu pamoja na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu cha usiku kucha. Namba unayoisoma ukiwa chumbani mchana haikwambii kitu.

Mengine ni ya kawaida. Grisi izunguke mdomo wote wa kishimo. Usiichungulie sahani kila saa, na ile ya nyuzi 4 usiiache chini ya taa ya hadubini. Fosfeti na kalisi usizikutanishe, utashangilia fuwele za chumvi. Ukitilia shaka, igonge kwa ncha ya sindano: ya protini hupondeka kirahisi, ya chumvi hukupinga. Na kwa kuwa fuwele ya protini karibu nusu yake ni maji, kitanzi cha kuivulia kiwe mkononi kabla hujafungua kishimo, na usikifungue upepo wa kipoza hewa ukivuma mezani.