Siku Moja kwenye Mbio za Farasi Ngong: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Tanga

Tanga haina uwanja wa mbio za farasi, na sababu mojawapo ni ya tangu zamani: mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomwangusha farasi upesi kuliko punda, na kwa hiyo mchezo huu katika Afrika Mashariki ulistawi kwenye nyanda za juu zenye baridi. Uwanja ulio karibu nasi ni ule wa Ngong jijini Nairobi, kandokando ya barabara ya Ngong, ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 1954 na husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Vijana wengi wa Ngamiani na Makorora, mitaa ya hapa Tanga, wanaijua vizuri mikeka ya mpira, lakini nimeona wanaofika Ngong wakiwa na mazoea hayohayo hutazama ubao wa namba mchana kutwa na kurudi nyumbani bila kumtazama farasi hata mmoja kwa makini. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao. Msomaji ambaye dini yake inamkataza kamari, na hapa Tanga ni wengi, anaweza kuziruka sehemu za fedha, kwa kuwa mbio hutazamwa vizuri tu bila kuweka dau.

Safari yenyewe si ngumu. Mbio hufanyika zaidi siku za Jumapili, ila si kila Jumapili, kwa hiyo hakikisha ratiba kabla ya kukata tiketi ya basi. Pita mpaka wa Horohoro ukiwa na pasipoti au hati ya safari ya muda, badilisha fedha, fika Mombasa, kisha panda treni ya Nairobi au basi ili Jumamosi usiku ulale hukohuko. Chukua sweta, hasa ukienda mwezi wa Julai, kwa sababu uwanja uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mtu wa pwani huanza kutetemeka mara jua likijificha. Nauli ya kurudi iweke mbali na fedha nyingine zote, mahali ambapo hutaifikia kwa urahisi.

Ukiingia, nunua kwanza kitabu cha programu na utafute mahali pa kuketi kabla watu hawajajaa. Kwa kila mbio, kitabu huonyesha umbali, majina ya farasi, namba zao, mpanda farasi, mkufunzi na uzito ambao kila farasi atabeba. Mahali pengi umbali bado hutajwa kwa falongi, na falongi moja ni kama mita 201, hivyo mbio za falongi 8 ni maili moja kamili. Kando ya jina utakuta mfululizo wa tarakimu kama 3-2-1 au 0-5-4: hizo ni nafasi alizoshika katika mbio zilizopita, ya karibuni zaidi ikiwa upande wa kulia, na sifuri kwa kawaida humaanisha kwamba alimaliza nje ya tisa wa kwanza. Usiishie kwenye tarakimu. Farasi aliyeshinda mara mbili kwenye falongi 5 hajathibitisha kwamba ataziweza falongi 10, na aliyeshinda akiwa na kilo 52 mgongoni huenda leo amewekewa kilo 59, kwa kuwa katika mbio za kusawazisha uzani farasi bora hubebeshwa zaidi makusudi ili wanyonge nao wapate nafasi.

Baada ya kusoma, nenda kwenye uwanja mdogo ambako farasi huzungushwa kabla ya kila mbio. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ningependa nawe ufanye hivyo. Babu yangu alifuga punda Pangani, na alipotaka kununua mnyama hakuanza na meno. Alisimama nyuma yake akaomba atembezwe, kwa sababu mwendo wa miguu ya nyuma, alisema, hauwezi kufichwa na muuzaji. Kanuni hiyo inafaa Ngong pia. Tafuta farasi ambaye hatua yake ni ndefu na laini, ambaye kwato za nyuma hukanyaga pale zilipokanyaga za mbele au hata kuzipita. Tazama mapaja ya nyuma, kwa kuwa nguvu ya kusukuma hutoka huko, na manyoya, ambayo kwa farasi mwenye afya hung'aa kama yamepakwa mafuta. Masikio yaliyosimama na kugeukageuka huonyesha mnyama aliye macho na mtulivu. Jasho kidogo siku ya joto si neno, lakini povu jeupe shingoni na katikati ya mapaja, pamoja na kuvuta lijamu na kutupa kichwa, mara nyingi humaanisha kwamba anapoteza nguvu zake kabla hata hajafika kwenye vizimba vya kuanzia. Mara mbili tatu utamwona farasi anayeongoza kwenye ubao wa dau akiwa katika hali hiyo, na hapo utafahamu kwa nini nakuhimiza usimame pale kando ya uwanja mdogo badala ya kusimama kwenye dirisha la kuwekea dau.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika viwanja vya mbio kuna njia mbili za kuweka dau, nawe ukifika uliza ni ipi inayotumika siku hiyo. Ya kwanza ni ya kapu la pamoja, iliyobuniwa Paris na Joseph Oller mwaka 1867. Dau zote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliompata mshindi. Tuseme kapu lina shilingi 100,000 na makato ni asilimia 20, zinabaki 80,000. Ikiwa farasi namba 4 amewekewa shilingi 32,000 naye ameshinda, kila shilingi hulipwa 2.50, kwa hiyo dau lako la 200 linakupa 500. Ikiwa badala yake ameshinda namba 7 aliyewekewa 5,000 tu, kila shilingi hulipwa 16, na 200 yako inakuwa 3,200. Tofauti na mkeka wa mpira, ambao bei yake hufungwa pale unapoukata, hapa bei hubadilika hadi dirisha linapofungwa. Namba unayoiona dakika kumi kabla ya mbio ni makadirio tu.

Njia ya pili ni ya mchezeshaji anayekupa bei maalumu, na bei hiyo hutamkwa kwa namna inayowachanganya watu wetu. Akisema 5 kwa 2, maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 2 utapata faida ya 5 na kurudishiwa 2 zako, yaani ni sawasawa na 3.5 kwenye mkeka uliouzoea. Ili ujue bei hiyo inadai nini, gawanya 100 kwa 3.5: utapata karibu 29, kwa hiyo farasi huyo lazima awe na uwezekano wa kushinda unaozidi asilimia 29 ndipo dau hilo liwe na maana. Fanya hesabu hiyo kwa farasi wote. Wakiwa watano wenye bei, kwa hesabu ya mkeka, za 2, 4, 5, 8 na 10, utapata 50, 25, 20, 12.5 na 10, jumla 117.5, na zile 17.5 zilizozidi mia ndizo faida ya mchezeshaji. Jumla ikiwa kubwa sana, mbio hizo ziache zipite.

Anayeanza namshauri abaki na dau la mshindi au la nafasi, ambalo hulipa farasi wako akimaliza miongoni mwa wawili au watatu wa kwanza, kulingana na idadi ya wanaokimbia. Dau la kuwataja watatu wa kwanza kwa mpangilio linavutia kwa malipo yake, lakini ukichagua farasi 4 na kutaka kila mpangilio unaowezekana, umenunua tiketi 24. Kwa shilingi 50 kila moja, ni shilingi 1,200 katika mbio moja.

Kiasi cha siku kipange ukiwa bado nyumbani, na kihesabu kama ulivyohesabu nauli, yaani kama fedha iliyokwisha kutumika. Ikiwa ni shilingi za Kenya 2,400 na mbio ni 8, tia 300 katika kila bahasha, uandike namba ya mbio juu yake, na simu yenye salio uizime. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Nilipokosa mbio tatu mfululizo nikaongeza dau la nne ili nirudishe zilizokwenda, juu ya farasi ambaye hata sikuwa nimemtazama akitembea, na jioni niliazima fedha ya chakula kwa mwenzangu. Bahasha ya mbio uliyoamua kuiacha usiihamishie kwenye mbio nyingine. Utarudi nayo Tanga.

Farasi wakipita nguzo ya mwisho, usichane tiketi wala usishangilie mapema. Wasimamizi wanaweza kuchunguza iwapo kuna aliyemzuia mwenzake njiani, na nafasi zikabadilishwa. Wakati mwingine picha ndiyo huamua kati ya pua mbili. Subiri matokeo yatangazwe kuwa rasmi. Dau la farasi aliyeondolewa kabla ya mbio kuanza kwa kawaida hurudishwa kwa aliyeliweka, na wengi hupoteza haki hiyo kwa kuitupa tiketi chini. Baada ya mbio za mwisho, kaa kitako dakika chache, zipitie tiketi zote za siku moja moja ukilinganisha na kitabu chako, kisha nenda dirishani kuchukua ulichostahili kabla ya kutoka getini.