Wakikuita kuangalia mashimo ya mambo ya kale, nenda hivi

Kila kiangazi huku pwani, mwezi wa 6 mpaka wa 8, vyuo vimefunga na masika yamekata, utasikia sehemu fulani kuna watu wanachimba mambo ya kale, alafu msimu ukikaribia kuisha wanatenga siku wanaita watu waje kuona. Wengi hawaendi. Wanaoenda wanakaa dakika kumi, wanauliza "mmepata dhahabu?", wanaondoka. Mi nimeshika chekeche misimu miwili upande wa Kilwa, kwa hiyo hii ni kwa anayetaka kwenda na kweli aone kitu.

Nenda asubuhi. Sio sababu ya jua tu, ni kwamba asubuhi udongo bado una unyevu na rangi zake zinajitenga, ikifika saa sita shimo zima limekuwa kijivu kimoja, unaambiwa "hapa kuna tabaka" we huoni tabaka wala nini. Beba maji, kofia, na kama ni kisiwani muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Songo Mnara kwa mfano maji yakiwa yametoka unashuka mbali na unatembea kwenye tope la mikoko, sa ukija na viatu vya harusini shauri yako. Kibali cha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kinachukuliwa mjini Kilwa Masoko kabla hujapanda boti, ila ukiwa mwalikwa waulize kwanza wenyeji wako, labda wameshakimaliza.

Ukifika usisimame ukingoni. Wanapaogopa kuliko kitu chochote, maana ukingo ukimeguka kifuniko cha soda cha juzi kinaangukia kwenye karne ya 9 na kazi ya wiki imeharibika.

Alafu wengi wanaangalia chini ya shimo, wakati habari yote iko ukutani, pale kwenye ubavu wa shimo. Soma kutoka chini kwenda juu: jivu, sakafu ya chokaa, udongo mwekundu, takataka za jikoni. Kuna alama moja omba wakuonyeshe kama ipo, duara jeusi kwenye udongo, upana wa sahani hivi. Hapo palikuwa na nguzo ya mti, mti umeoza ukaacha rangi yake. Unaona ni doa tu, lakini kule Shanga, kisiwa cha Pate huko Lamu, Kenya, miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ilikuwa ya miti, inarudi karne ya 8. Ilijulikana kwa madoa kama hayo.

Baada ya hapo kaa kwenye chekeche, na omba uchekeche mwenyewe, hawakatai. Zitabaki kome, mifupa ya samaki, shanga ndogo kama punje ya mtama, na vigae vingi mpaka uchoke. Vigae vya mdomo wa chungu ndo vyenye maneno kuliko vya tumboni. Vyenye pembetatu zilizochorwa kwa ncha ni vya zamani sana, karne ya 7 mpaka ya 10 hivi, na ukiona kigae laini cha kijani kinang'aa hicho huenda kimetoka China.

Swali la kuuliza sio "mmepata nini", ni "mmejuaje". Na lile swali la rupia eti Mjerumani alizifukia liache nyumbani jamani, wameshalisikia. Dhahabu ya Kilwa ilikuwa inatoka kusini, Sofala, Msumbiji ya leo, inapita inaenda zake. Kilichobaki ardhini ni visarafu vya shaba, vidogo, vya masultani, na cha kufurahisha ni kwamba maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Sarafu ina shairi! Mi hapo ndo nilipopenda hii kazi.

Nenda na mzee, hasa mvuvi. Siku moja lilitoka duara la kigae lenye tundu katikati, wanachuo wakasema ni la kusokotea uzi wa pamba, mzee mmoja akalishika akasema aah hili chubwi la nyavu. Wakabishana nusu saa, likapimwa kwenye mzani likaonekana jepesi mno kuzamisha nyavu, mzee akacheka, lakini akawaeleza chubwi halisi linavyofungwa na wote wakatoa daftari.

Usiokote kitu, hata kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kigae kikishahama mahali pake hakisemi tena kitu. Ila kama nyumbani kuna kitu mliokota shambani zamani, njoo nacho siku hiyo na uwaambie shamba lipi, pembe ipi.

Na usichelewe. Msimu ukiisha mashimo yanafukiwa yote, chini wanatandika turubai ili atakayechimba baadae ajue pa kuishia. Ukija wiki inayofuata utakuta kiwanja na mbuzi.