Jinsi ya kupata pembe za pembetatu mraba ukiwa na pande mbili tu

Ukijua pande mbili za pembetatu mraba kazi imeisha karibu yote, maana pembe moja tayari ni nyuzi 90, zimebaki mbili na kalkuleta inakutolea fasta. Watu wengi wanakwama hapa: sin, cos na tan unaziwekea pembe zinakupa uwiano (upande mmoja gawanya kwa mwingine), ila sin⁻¹, cos⁻¹ na tan⁻¹ unaziwekea uwiano zinakupa pembe, na hiyo −1 ya juu haimaanishi 1 gawanya kwa sin, tafadhali sana, ni kinyume chake tu.

Tuchukue paa. Nyumba ina upana wa mita 6, kenchi inapanda mita 1.5 pale katikati, kwahiyo nusu ya kenchi ni pembetatu mraba, chini mita 3, wima mita 1.5, na fundi anataka kujua mbao ya mteremko inalala nyuzi ngapi ili aikate vizuri. Jiweke kwenye pembe unayoitafuta, yani pale juu ya ukuta, alafu angalia pande ulizonazo: 1.5 unatazamana nayo, 3 iko jirani yako. Unaotazamana gawanya kwa jirani hiyo ni tan. Ingekuwa unaotazamana na haipotenusi (ule upande mrefu kuliko yote, unaotazamana na nyuzi 90) ungetumia sin, jirani na haipotenusi ni cos.

Haya, 1.5 ÷ 3 = 0.5, bonyeza SHIFT, tan, 0.5, sawa na, inakuja 26.57. Ya kileleni ni kutoa tu, 90 − 26.57 = 63.43. Urefu wa mbao ni √(3² + 1.5²) = √11.25, kama mita 3.35, na hapo upenu bado, unauongezea wewe.

Sasa kama imekuja 0.4636 kalkuleta yako iko kwenye radiani, ikija 29.5 iko kwenye gradi, hivyo ni vipimo vingine vya pembe, siyo nyuzi. Kwenye zile Casio za shule angalia herufi ndogo juu ya skrini, inatakiwa iwe D, kama siyo bonyeza MODE mpaka uone Deg Rad Gra uchague Deg.

Kosa lingine ni kugeuza mgawanyo, yani wa juu ukaenda chini. Kwa sin na cos ukigeuza uwiano unazidi 1 na kalkuleta inagoma, Math ERROR, unashtuka mapema. Tan haigomi kabisa!! Ukiweka 3 ÷ 1.5 inakupa 63.43 kimya kimya na fundi anakata mbao kwa pembe ya kileleni. Kwahiyo chora kwanza, alafu kumbuka upande mfupi unatazamana na pembe ndogo, 1.5 ni fupi kuliko 3 so pembe yake lazima iwe chini ya 45.

Jaribu na ngazi: urefu mita 5, mguu wake uko mita 1.25 toka ukutani. Kwa pembe ya chini, kati ya ngazi na ardhi, una jirani na haipotenusi (ngazi yenyewe), 1.25 ÷ 5 = 0.25, cos⁻¹ 0.25 inatoka 75.5, na hiyo iko poa, maana ushauri wa usalama ni ngazi ikae kama nyuzi 75, mita 1 nje kwa kila mita 4 kwenda juu.