Kujitengenezea Kapasita ya Kubadilika ya Volti za Juu kwa Amplifaya ya Redio ya Ridhaa

Amplifaya ya valvu yenye koili moja ya kutokea huwa na kapasita mbili za kubadilika, yaani seti za mabamba ya chuma yanayozunguka na kuingia kati ya mengine yaliyotulia bila kugusana. Moja iko upande wa anodi, yaani bamba la volti za juu ndani ya valvu, na nyingine upande wa antena, na si lazima zote mbili ziwe za volti za juu. Wati 1,000 zikiingia kwenye antena ya omu 50 iliyolingana vizuri, kilele cha volti kwenye kapasita ya antena ni takriban 316 tu. Ile ya anodi ndiyo inayostahili jasho lako, kwa sababu hubeba kilele kinachokaribia volti zote za anodi.

Tuchukue anodi ya volti 3,000. Hewa kavu iliyo kati ya nyuso laini huhimili takriban volti 3,000 kwa kila milimita, lakini kingo za mabamba, vumbi na unyevu hupunguza uwezo huo, kwa hiyo mimi huuhesabu theluthi tu na kuweka mwanya wa milimita 3 kati ya bamba na bamba. Anayeishi Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, aongeze nusu milimita.

Uwezo wa kapasita kwa pikofaradi hupatikana kwa kuzidisha 0.885 kwa eneo la bamba moja kwa sentimita za mraba, kisha kwa idadi ya mianya, na kugawanya kwa upana wa mwanya kwa milimita. Mabamba 20 ya nusu duara yenye nusukipenyo cha sentimita 5, yaani 10 yanayozunguka na 10 yaliyotulia, yana mianya 19. Ukiondoa nafasi ya mhimili, eneo linalobaki ni kama sentimita za mraba 35.7, nawe unapata takriban pikofaradi 200, ambazo kwa kawaida zinatosha kuanzia megahezi 3.5 kwenda juu.

Tumia alumini ya milimita 1. Funga karatasi zote pamoja kwa bolti, zitoboe na kuzikata kwa mkupuo ili zilingane, kisha pitisha tupa na msasa kwenye kila ukingo, maana cheche hupenda ncha kali. Vipande vya bomba vinavyotenganisha mabamba ya kundi moja viwe na urefu wa milimita 7, si 3, kwa kuwa kati yake hukaa bamba la kundi la pili pamoja na mianya miwili. Vipime kimoja kimoja: kasoro ya milimita 0.1 kwenye vipande 9 hufikia karibu milimita nzima kwenye bamba la mwisho.

Mabamba yaliyotulia yashikiliwe na tefloni au kauri. Mbao hufyonza unyevu na kupata moto. Mabamba yanayozunguka huunganishwa na chasi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya, kwa ukanda wa shaba unaonepa na kubana mhimili, kwani beringi peke yake haziaminiki kupitisha mkondo.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa umeme, subiri kapasita za pawasapulai zimwage chaji, zipime volti, kisha gusa ncha zake kwa fimbo ya chuma yenye mpini wa kihami iliyounganishwa na chasi ili chaji iliyobaki iishe. Jaribu kwanza kwa nguvu ndogo kwenye mzigo bandia, yaani kipingamizi kinachoshika nafasi ya antena, ukipandisha taratibu. Cheche ikirudia mahali pamoja, tafuta ukingo mkali au bamba lililopinda. Ikiruka popote, mwanya ni mdogo.